Wauguzi Wanafunzi Wafundishwe kwa Kuulizwa

Naomba nafasi katika gazeti letu la chama, nipate kuwaeleza wenzangu neno lililokaa moyoni mwangu tangu mvua zilizopita. Mimi ni karani, si mganga wala mwuguzi. Kazi yangu ni kalamu na daftari hapa Tunduma, mji ambao malori yake hayalali. Najua wako wanachama watakaosema, Karani huyu ana nini na mambo ya wodi? Nawajibu kwamba kila mmoja wetu ni mgonjwa wa kesho, au ni baba wa mgonjwa, au ni mjomba wake; na mtu anayo haki ya kuuliza habari za mikono itakayomshika siku hiyo.

Wakati wa mvua hizo mtoto wa dada yangu, mwenye miezi 18, alishikwa na homa. Tulimpeleka hospitali, nayo sitaitaja, maana sikusudii kumshitaki mtu. Usiku ule wodini alikuwako mwuguzi mwanafunzi, binti mwenye adabu na bidii, na mwuguzi mkubwa aliyekuwa akiangalia wodi mbili kwa zamu moja. Binti yule alimpima mtoto joto, akaandika. Akamchoma kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria, kipimo kikaonyesha kwamba malaria haipo, akaandika. Akampa dawa ya kushusha homa kama alivyoagizwa, akaandika. Hati yake ilikuwa nzuri, na mimi naijua hati nzuri nikiiona. Dada yangu akamwuliza, "Mwanangu, mbona mtoto anahema hivi?" Akajibu kwa upole, "Mama, tumsubiri daktari apite asubuhi."

Ilipokaribia saa tano usiku akaja yule mwuguzi mkubwa. Hakumkaripia binti, wala hakumpa jibu. Alimtazama mtoto kidogo, kisha akauliza, "Malaria haipo. Basi homa hii imetoka wapi?" Binti akanyamaza. Yule mama naye akanyamaza, akimngoja. Kisha akauliza tena, "Umemhesabia pumzi?"

"Bado, mama."

"Mhesabie, dakika nzima."

Binti akainua nguo ya mtoto, akatazama saa, akahesabu. "Hamsini na nane."

"Kwa mtoto wa umri huu, tunasema anapumua kwa kasi zikifika ngapi?"

"Zikifika arobaini, mama."

"Na kifua chake unakionaje?"

"Sehemu ya chini inabonyea ndani anapovuta pumzi."

"Basi sema mwenyewe."

Binti akasema, "Ni nimonia." Haikufika saa sita, daktari wa zamu alikuwa amekwisha kuitwa, na mtoto alikuwa amekwisha kupewa dawa. Leo anakimbiza kuku uani.

Asubuhi yake nilizungumza na binti yule, nikamshukuru. Akaniambia neno ambalo sikulitazamia. Alisema kwamba nimonia ya watoto walifundishwa muhula uliotangulia, wakatahiniwa, naye akapata alama nzuri sana. Dalili zote alizijua kwa moyo, na hesabu ya pumzi kwa kila umri. "Nilikuwa najua, mjomba," akasema, "lakini hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza."

Wenzangu, maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Elimu ilikuwamo kichwani mwake kama mali iliyomo sandukuni, na ufunguo hakuwa nao. Mtoto angaliweza kufa mbele ya mtu ajuaye ugonjwa wake. Basi neno langu ni moja: mwuguzi mwanafunzi hafundishwi kufikiri kwa kusomewa na kunakili. Hufundishwa kwa kuulizwa maswali yanayodai sababu, na kwa kupewa ruhusa ya kuuliza yeye mwenyewe. Chuo kisichofanya hivyo hutoa makarani wa magonjwa, nasi makarani tunatosha.

Watu wengi hudhani kwamba homa ni jina la ugonjwa. Homa ni swali. Mwaka 2014 ilichapishwa habari ya uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam na Ifakara juu ya watoto 1,005 waliofika kutibiwa wakiwa na homa. Walipopimwa kwa uangalifu, wenye malaria walikuwa kama 10 tu katika kila 100. Na zaidi ya nusu ya watoto wote walikuwa na maradhi ya njia ya pumzi. Zamani mzazi alipofika na mtoto mwenye joto alipewa dawa ya malaria akarudi nyumbani, na mara nyingi mtoto alipona kwa rehema ya Mungu, si kwa dawa ile. Siku hizi kipimo cha haraka kimefika hata katika zahanati za vijijini, na hilo ni jambo jema. Lakini kipimo kikisema "siyo malaria", kazi ya mwuguzi haijaisha. Kipimo hujibu swali moja tu, na mwenye kujua kuuliza la pili ni mtu.

Tena tazameni mahali tunapokaa. Mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na makao yake ni Vwawa. Ni nchi nyingi ndani ya nchi moja. Juu kuna Mbozi ya kahawa na milima ya Ileje yenye baridi. Chini kuna Kamsamba na bonde linaloelekea Ziwa Rukwa, kwenye joto na mbu. Mtoto mwenye homa aliyelala Kamsamba wiki iliyopita, na mtoto mwenye homa asiyepata kushuka kutoka milima ya Ileje tangu azaliwe, joto lao huenda likawa sawa katika kipimo, lakini habari zao si sawa. Mwanafunzi aliyezoea kunakili ataandika "homa" kwa wote wawili. Mwanafunzi aliyezoea kuulizwa atasema, Kwanza nijue, huyu ametoka wapi?

Na hapa Tunduma jambo hilo huzidi. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita katikati ya mji wetu kuingia Nakonde, nchi ya Zambia, na reli ya TAZARA hupita vilevile. Tangu mwaka 2019 shughuli za mpaka za nchi zote mbili hufanywa katika kituo cha pamoja. Malori ya shaba kutoka Kongo na Zambia hupishana na malori ya mafuta na bidhaa kutoka pwani. Wanamwanga wako huku na huku ya mpaka, na harusi na misiba yao huvuka kila siku. Dereva aliyelala njiani siku nyingi akifika zahanati anaharisha, haitoshi kumwuliza anaumwa wapi. Ametoka mji gani? Alikunywa maji gani? Aliosafiri nao wakoje? Kipindupindu kilichoanza Zambia mwezi Oktoba 2023 kiliwapata watu zaidi ya 20,000, na zaidi ya 700 wakafa. Ugonjwa wa namna hiyo hauombi hati ya kusafiria. Mlinzi wa kwanza wa mpaka, kabla ya askari na kabla ya mtu wa forodha, ni mwuguzi anayejua kuuliza.

Basi sasa tuulizane, ni maswali gani yafaayo? Maana hata mwalimu anayesomesha kwa kuimbisha huuliza maswali; huuliza mengi, na darasa zima humjibu kwa sauti moja. Mimi si mkufunzi, lakini nimezungumza na wauguzi wa zamani, nao wamenionyesha kwamba maswali yana daraja tatu. Nitaeleza kwa mfano wa oksitosini, sindano ile apewayo mama akiisha kuzaa ili damu isimtoke kupita kiasi.

Swali la daraja ya kwanza ni la kumbukumbu: Oksitosini huhifadhiwa katika baridi ya kiasi gani? Mwanafunzi hujibu, Nyuzi 2 hadi 8. Jibu ni sahihi, na yapasa alijue.

Swali la daraja ya pili ni la sababu: Kwa nini iwekwe katika baridi? Hapo hawezi kujibu kwa nambari. Lazima aeleze kwamba joto huiharibu dawa, ikapungua nguvu, na kwa macho huwezi kuitambua iliyoharibika na iliyo nzima.

Swali la daraja ya tatu ni la hukumu: Uko zahanati peke yako. Umeme ulikatika tangu jana asubuhi. Mama amezaa, umempiga sindano, na damu haipungui. Wafikiri nini, nawe wafanya nini kwanza? Hapa hakuna ukurasa wa kunakili. Mwanafunzi mwenye akili iliyozoezwa atasema, Huenda dawa imepungua nguvu. Lakini huenda pia kizazi hakijajikaza, au kondo halijatoka lote, au mama amechanika. Nitaita msaada mara moja. Nitakisugua kizazi kikaze. Nitatazama kondo kama limetimia. Nitatazama kama kuna jeraha. Nitaandaa maji ya mshipani na safari ya hospitali. Mkufunzi naye atamwuliza, Kwa nini umelitanguliza hili, na lile ukaliweka nyuma? Mwanafunzi atatetea mpango wake, au atauona upungufu wake akaugeuza. Saa ile ndipo anapokuwa mwuguzi.

Wala msidhani kwamba haya ni mambo ya maneno matupu. Mwaka 2023 ilitangazwa habari ya kazi kubwa iliyofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, juu ya wazazi zaidi ya 200,000. Mahali ambapo damu ya mzazi ilikadiriwa kwa macho kama desturi, waliotokwa damu kupita kiasi waligunduliwa 51 tu katika kila 100. Mahali ambapo wakunga walipewa shuka ya plastiki yenye alama za kupimia damu, pamoja na utaratibu wa kutibu mara moja, waligunduliwa 93 katika kila 100. Na madhara makubwa kwa akina mama yakapungua kwa 60 katika 100. Fikirini vizuri. Wakunga waliokadiria kwa macho walikuwa wamesoma, na wengi walikuwa wazoefu. Walikosa kitu kidogo kinachomlazimisha mtu kujibu swali, Ni kiasi gani, na umejuaje? Swali hilo la "umejuaje" ni dawa, na halina gharama ya kuagizwa ng'ambo.

Ushahidi mwingine watoka Haydom, wilaya ya Mbulu. Huko wakunga walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Walipojaribiwa kwa mtoto wa bandia baada ya mafunzo, walifanya vizuri; lakini walipotazamwa kazini, kwa watoto wenyewe, namna yao ya kutenda haikuwa imebadilika. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2013. Hawakukata tamaa, walianzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara, mlemle katika wodi ya uzazi, na mwaka 2015 ikatangazwa kwamba vifo vya watoto katika siku yao ya kwanza vilikuwa vimepungua. Mimi nayasoma hivi: kufaulu mtihani ni jambo moja, na kutenda saa ya hatari ni jambo jingine, na daraja iliyopo kati ya hayo mawili ni kukumbushwa, kujaribiwa na kuulizwa mahali penyewe pa kazi, si darasani tu.

Wazee wetu waliyajua haya kabla ya vyuo. Jioni motoni bibi hasemi, Kaeni niwafundishe. Husema, Kitendawili! nasi huitika, Tega! Aliyeshindwa hutoa mji, na watoto hucheka, lakini hakuna anayelala. Methali nayo yasema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Hata hivyo kuna tofauti moja yatupasa tuiangalie. Kitendawili cha bibi kina jibu moja, naye analijua tangu mwanzo. Mgonjwa ni kitendawili chenye majibu mengi, na mara nyingine mtegaji mwenyewe halijui jibu. Kwa hiyo mkufunzi mwema haulizi ili mwanafunzi abahatishe neno lililomo kichwani mwa mkufunzi. Huuliza ili wote wawili wamtazame mgonjwa.

Tena yapasa mwulizaji ajue kungoja. Mmarekani mmoja, Mary Budd Rowe, aliwachunguza walimu wakiwa madarasani mwao, na katika miaka ya 1970 akatangaza aliyoyaona: mwalimu akiisha kuuliza, kwa kawaida alingoja kama sekunde moja tu, kisha alijibu mwenyewe au alimgeukia mwingine. Walipozoezwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yakawa marefu, na hata waliokuwa wakinyamaza siku zote wakaanza kusema. Sekunde tatu, wenzangu! Kumbukeni yule mwuguzi mkubwa usiku ule; binti aliponyamaza, naye alinyamaza, akangoja. Mimi nilidhani anapoteza wakati, kumbe ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya.

Kuna jambo la lugha pia. Vyuo vya uuguzi hufundisha na kutahini kwa Kiingereza. Sitaki kubishana na sheria hiyo hapa. Lakini mgonjwa wa Mbozi husema Kiswahili au Kinyiha, wa Tunduma husema Kinamwanga, wa Ileje husema Kindali, na hakuna anayeugua kwa Kiingereza. Mara nyingi mwanafunzi akiulizwa "kwa nini" kwa lugha ya kigeni hunyamaza, na mkufunzi humhesabu kuwa hajui. Huenda sababu anayo na maneno ndiyo hana. Basi wakufunzi wamruhusu aeleze sababu zake kwa Kiswahili kwanza, kisha azitafsiri. Mtu hujifunza kufikiri kwa lugha anayoiwezea, na Kiingereza chake kitanufaika pia, kwa kuwa atakuwa na neno la kusema.

Najua yako mapingamizi, nayo yafaa yajibiwe kwa heshima.

Wa kwanza watasema, Mafundisho haya yatazaa ufidhuli. Mwanafunzi atamhoji daktari mbele ya mgonjwa. Nawajibu kwamba heshima na swali si maadui. Mwanafunzi afundishwe namna ya kuuliza kama afundishwavyo namna ya kufunga jeraha: "Samahani, daktari, naomba kuuliza. Kwenye karatasi naona kipimo hiki ni mara mbili ya kile cha jana. Ndivyo kilivyokusudiwa?" Hakuna ufidhuli hapo, na pengine yuko mtoto aliyeokoka kwa maneno hayo. Tukumbuke na habari ya Semmelweis, daktari wa Kihungaria aliyefanya kazi katika hospitali kuu ya Vienna. Hospitali ile ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Moja walifundishiwa madaktari, na ya pili wakunga. Katika ile ya madaktari akina mama walikufa kwa homa ya uzazi kupita sana wale wa wodi ya wakunga. Wote waliona, lakini yeye hakuacha kuuliza, Kwa nini? Mwaka 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, alikatwa kwa kisu cha mwanafunzi katika kupasua maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana na ule wa wazazi. Semmelweis akatambua kwamba madaktari na wanafunzi wao walitoka kupasua maiti wakaenda kuwashika wazazi kwa mikono ileile. Akaamuru waioshe kwa maji yenye dawa ya klorini, na vifo vikapungua sana. Wakubwa wengi walichukizwa, naye alikufa mwaka 1865 bado hajakubaliwa. Huo ndio ufidhuli wenyewe tunaouogopa. Na katika miaka ile ya kuchukizwa kwao akina mama waliendelea kuzikwa.

Wa pili watasema, Hatari ikija hakuna nafasi ya maswali; mtu atii. Ni kweli, nami nakubaliana nao kabisa. Mzazi anapotokwa damu, anayeongoza akisema "leta sindano", iletwe. Maswali yana wakati wake, nao ni kabla ya hatari na baada yake. Hatari ikiisha, watu wakae dakika kumi waulizane: Tuliona nini kwanza? Tulichelewa wapi? Kesho tufanye nini tofauti? Watu wasioulizana baada ya kosa hulirudia kosa hilo.

Wa tatu watasema, Wanafunzi ni wengi, wakufunzi ni wachache, na wodi imejaa. Hilo nalijua, na hili ndilo pingamizi zito kuliko yote. Lakini sikuomba saa mpya katika ratiba. Zamu hukabidhiana kila siku, na mgonjwa kwa mgonjwa hutajwa. Nasema, kwa wagonjwa wawili au watatu tu, mkubwa wa zamu amwulize mwanafunzi mmoja swali moja: "Kwa nini tunampa dawa hii?" au "Ni badiliko gani litakalokufanya uniite usiku?" Ni dakika tatu. Kwa mwaka mmoja mwanafunzi huyo atakuwa amejibu maswali mamia, na kila moja juu ya mtu aliye hai mbele yake.

Tena niseme neno juu ya maswali mabaya, kwa maana yapo. Kuna swali la kumfedhehesha mtu mbele ya wenzake, aulizaye akiwa ametafuta jambo ambalo mwanafunzi hawezi kulijua, ili wengine wacheke. Swali la namna hiyo hufundisha kitu kimoja tu, nacho ni kuficha. Mwanafunzi aliyeaibishwa leo, kesho akikosea kipimo cha dawa atanyamaza; na methali yatuambia, mficha maradhi kilio humwumbua. Hapa maradhi anayoyaficha si yake, na kilio kitakuwa cha nyumba nyingine. Kwa hiyo mkufunzi akubali kusikia "sijui", na aitikie, "Vema, basi tutajuaje?"

Sasa nije kwetu wanachama, maana ni rahisi kuwafundisha wengine kazi zao. Mitaala ya uuguzi siku hizi imeandikwa kwa kusudi la umahiri, yaani mtu apimwe kwa anayoweza kutenda, si kwa anayoweza kukariri tu. Karatasi ni nzuri. Lakini sisi watumishi twajua kuliko wengine jinsi karatasi nzuri inavyoweza kukaa katika jalada jema, imefungwa kwa uzi, na kazi ikaendelea kama zamani. Basi naomba mambo manne.

Wanachama walio wauguzi na waganga, na hasa wakubwa wa zamu, washike desturi ya swali moja wakati wa kukabidhiana. Wanaotunga na kusahihisha mitihani ya vyuo waongeze maswali ya hukumu, maana mwanafunzi husoma kile atakachoulizwa. Wanachama waliomo katika kamati za zahanati na vituo vya afya vya vijiji vyetu, wanapotembelea, wasihesabu vitanda na makopo ya dawa tu. Waulize pia, Jokofu likizimika mnajuaje, na mnafanya nini? Na la nne ni letu makarani: tuwaruhusu walio chini yetu watuulize. Karani kijana akisema, "Mzee, jumla hii haikubaliani na hati ya jana," tusimjibu, "Nakili kama ilivyo." Nimewahi kujibu hivyo mimi mwenyewe, na hesabu ile ilirudishwa mara mbili, na aibu ikawa yangu. Kwetu sisi kosa hugharimu shilingi na karatasi. Wodini kosa lilelile hugharimu mtu.

Wazee waliounda chama cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, na Martin Kayamba akiwa kiongozi wao, walikuwa makarani na walimu kama sisi. Hawakungoja waambiwe kwamba mambo ya watu wote yawahusu. Nasi tusingoje. Hospitali hazitajazwa madaktari kesho asubuhi, wala umeme hautaacha kukatika kwa sababu nimeandika. Lakini usiku wa leo, mahali fulani kati ya Tunduma na Kamsamba, binti mmoja ameketi karibu na mtoto anayehema, na kipimo kimesema malaria haipo. Kama aliwahi kuulizwa vizuri, atajiuliza mwenyewe, naye atatazama saa, ahesabu.

Wenzangu wenye mawazo tofauti nawaomba wajibu katika toleo lijalo; na kwa kuwa nimesifu maswali, sitakuwa na haki ya kuchukia nikiulizwa.

Mimi mwenzenu katika kazi,
KARANI WA MPAKANI,
Tunduma.